Kamera Anayoitaka Mahad

Mume wangu Mahad ni mkweli kwa kila mtu isipokuwa mgeni. Kwa mgeni ni mwongo aliyekubuhu. Mgeni akiuliza kama ng'ombe ni wazima, basi ng'ombe ni wazima, hata kama mmoja amelala chini tangu alfajiri hataki majani. Ndivyo tulivyolelewa huku milimani Dhofar, kusini mwa Oman. Siku tatu za mwanzo mgeni haulizwi shida yake wala haambiwi shida ya nyumba. Anakula, analala, anafukiziwa ubani, na kila habari anayopewa ni ya heri. Mimi sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ulikuwa kwamba Zuwaina alikuja kukaa siku tatu tu, na alichokuja kukisikia kilikuwa ni shida.

Zuwaina ni binti wa mji wa Sur, mhandisi, anayefanya kazi ng'ambo kwenye kampuni ya kutengeneza kamera. Kampuni hiyo inataka kuunda kamera mpya ya wapiga picha za wanyamapori, ikamtuma azunguke kwa wenye kazi yao na kuwauliza swali moja: ungepewa nafasi ya kuagiza kamera ya ndoto zako, ungetaka iweje? Kwa upande wetu wakamchagua Mahad. Picha zake za simbamangu, yule paka mkubwa mwekundu mwenye vishungi vyeusi masikioni, zimetembea nchi nyingi kuliko yeye mwenyewe, ambaye hata Muscat anaiona mbali.

Shida yenyewe ni hii. Mikono ya Mahad inatetemeka. Ulianza wa kulia, kikombe kikawa kinagonga sahani wakati wa chai, nikadhani ananitania. Kisha ukafuata wa kushoto. Daktari wa Salalah alimpa dawa pamoja na jina la ugonjwa. Dawa anameza, jina halitamki. Msimu wote huu wa ukungu alikuwa akishuka kwenye majabali peke yake na kurudi na picha zisizotazamika, anazifuta kabla hajavua viatu. Akaja kuniambia, akiwa amenipa mgongo, kwamba ukungu ukishaondoka ataiweka kamera chini, basi, amechoka. Alilisema kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia tuuze mbuzi fulani. Mimi namjua mtu wangu. Akiiweka kamera chini atakaa mlangoni akiitazama milima mpaka anyauke, na atakayemwona akinyauka ni mimi.

Kwa hiyo nilikuwa na jambo moja tu rohoni: Zuwaina asikie habari ya mikono ile kabla hajaondoka. Kama yupo duniani mtu anayeweza kutengeneza kamera ya mikono ya namna hiyo, basi alikuwa amekaa kwenye zulia langu anakula tende.

"Ami Mahad," alianza jioni ya kwanza, kinasa sauti chake kidogo kakiweka kando ya sinia, "kamera yetu unayoitumia ina kasoro gani?"

"Haina."

"Hata moja?"

"Mashallah, ni kamera nzuri. Kula nyama."

"Uzito wake je?"

"Mwepesi."

Kamera ile pamoja na lenzi yake ndefu ina uzito wa mbuzi mchanga, tena mbuzi anayekataa kubebwa. Nikamkazia macho mume wangu. Akaangalia pembeni.

"Na betri inakaa?"

"Inakaa sana. Ongeza samli, binti yangu."

"Huu ukungu wenu hauingii ndani?"

"Hauthubutu."

Hapo nilikohoa. Mwaka jana ukungu ambao hauthubutu uliingia kwenye lenzi, na Mahad akaizika lenzi hiyo siku kadhaa ndani ya gunia langu la mchele ili ikauke. Wali ule tuliokula baadaye ulikuwa na ladha ya mpira. Zuwaina aliniangalia, akaangalia kinasa sauti, akashusha pumzi. Alikuwa amesafiri mbali kote kuja kuambiwa kwamba kampuni yake haina dosari.

Tulipobaki wawili nilimvaa.

"Wewe mzee una akili timamu? Mtoto wa watu kauliza swali la maana, unamjibu samli!"

"Kamera ni ya kampuni yake, Tuful. Ni kama mtu kaja na chakula chake. Nimtukanie chakula chake ndani ya nyumba yangu?"

"Amekuja kutukaniwa! Analipwa mshahara kwa kutukaniwa!"

"Basi akae hadi siku ya nne."

"Ana ndege Alhamisi."

"Basi Mungu hakuandika," akasema, akajifunika shuka na mikono yake ndani. Hata chini ya shuka niliiona inavyocheza. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa sikuweza kuchagua, nilizima taa.

Asubuhi nikamvua Zuwaina ugeni. Sikuwa na njia nyingine. Nilimkuta anakunywa chai ya tangawizi, nikasimama mbele yake, mkono kiunoni.

"Inuka. Masufuria ya jana yanakungoja."

Mahad nusura apaliwe. "Tuful! Mgeni huyo!"

"Mgeni yupi? Mimi hapa namwona binti wa nyumbani anayechelewa kuamka."

Zuwaina, Mungu ampe umri, si mjinga. Watu wa Sur nao wanaujua ugeni, na nadhani alishaelewa usiku kwamba anafungwa kwa samli na tende. Akakunja mikono ya gauni lake, akasugua masufuria kwa majivu mpaka nikaona uso wangu. Nikampa fagio la zizi. Nikampa ndoo ya maji. Akampelekea majani ng'ombe mgonjwa, akatoka pale viatu vimeharibika na ananuka kama sisi. Muda wote Mahad alikaa ameelekeza uso ukutani kama mtu aliyefedheheshwa ukoo mzima.

Lakini baada ya sala ya adhuhuri nilimsikia anaita, "Zuwaina! Niletee chai, mwanangu, na sukari usibanie!"

Mgeni hatumwi chai. Nikajua ukuta umepata ufa.

Akapewa chai, na akaanza kuzungumza. Kwanza kwa aibu, halafu kama bomba lililozibuliwa. Kamera ni nzito, alisema, bega lake moja limeshuka kuliko jingine. Betri anabeba mfuko mzima na anarudi nao mfuko mzima wa maiti. Kuna kataa kadogo kekundu kanakowaka kila picha inapohifadhiwa. "Nani alikaweka? Mpeni salamu zangu. Simbamangu anakaona tangu ng'ambo ya bonde." Akasema lenzi inapotafuta mnyama inatoa mlio mwembamba ambao binadamu hausikii, ila wenye masikio yenye vishungi wanausikia.

"Na hii akili yake ya kutafuta jicho?" Zuwaina akauliza, macho yanang'aa. "Hiyo sehemu nilishiriki kuitengeneza mimi."

"Wewe?" Mahad akasita. Nilidhani ugeni unarudi, lakini akajipa moyo. "Basi sikiliza, mwanangu. Mashine yako inapenda macho kupita kiasi. Ikikosa jicho la mnyama inashika tone la maji kwenye jani na kudhani ndilo jicho. Nina picha za umande nzuri ajabu, na nyuma yake doa jekundu ambalo ndiye simbamangu niliyemvizia wiki nzima."

Zuwaina alicheka mpaka akashika tumbo. "Umande! Tulifikiria vumbi, tukafikiria nyasi, umande hatukuufikiria kabisa!"

Walielewana vizuri mchana ule. Mahad akawa anachora hewani kamera anayoitaka: vitufe vyake vinatambulika kwa kidole bila kutazama, mwili wake haulitii shavu baridi, inaamka upesi kuliko mwenye kuishika. Ila alichora kwa maneno tu. Mikono yenyewe ilikuwa chini ya shali lake, na ilipozidi kucheza aliikalia. Yote aliyoyasema yangemfaa mpiga picha yeyote. Habari yake mwenyewe hakuigusa, na mimi sikuwa na haki ya kumsemea. Siri ya mwili wa mtu haitolewi na mkewe, hata mkewe akiwa na mdomo kama wangu.

Siku ya mwisho Zuwaina akaomba amwone kazini. Mahad hakupata pa kutokea. Chini ya nyumba yetu kuna chemchemi, na juu yake jabali lenye pango, ambamo simbamangu jike alikuwa akilea. Nami nikasema nakwenda. Mahad akayaangalia magoti yangu, nikamwambia magoti ni yangu. Sikuwa na kawaida ya kumfuata huko, lakini siku hiyo ningejikokota hata kwa tumbo.

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, jua likipita hapa na pale juu ya majani mabichi. Tulilala kifudifudi nyuma ya mwamba, Mahad mbele, sisi wanawake nyuma yake. Kigoda cha miguu mitatu cha kuwekea kamera hakina pa kusimama kwenye mteremko ule, tena mguu wake ukigonga jiwe mara moja mnyama ameshahama wilaya. Tukangoja. Sitasema tulingoja kiasi gani, lakini mkono wangu ulikufa ganzi, ukafufuka, ukafa tena.

Akatoka. Kwanza masikio, halafu kichwa, halafu mwili wote, mwekundu, hana haraka. Nyuma yake mtoto mmoja anajikwaa kwenye mawe. Mahad akainua kamera. Nikaona viwiko vyake vinatafuta pa kukaa kwenye mwamba, nikaona kamba ya kamera inacheza, inacheza, haitulii. Akapiga, akapiga tena. Yule mama akamsogeza mwanawe kwa pua, wakarudi ndani.

Mahad alitazama kioo cha nyuma ya kamera. Kisha akampa Zuwaina, akairudisha mikono chini ya shali. Nikachungulia juu ya bega la binti. Kulikuwa na mstari mwekundu. Halafu mstari mwingine mwekundu. Kama mtu aliyepangusa rangi kwa kitambaa.

Zuwaina alizipitia zote taratibu. Akainua uso.

"Picha nzuri, ami," akanong'ona. "Mashallah."

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

Mahad alimtazama, halafu akanigeukia mimi na uso ambao sikuuelewa.

"Tuful, huyu umemsugulisha masufuria yote, na bado ni mgeni."

"Mgeni ndiye anayedanganywa," Mahad akamwambia binti, kwa upole, "na mgeni naye anatudanganya, ili tuachane vizuri. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Lakini umefagia zizi langu. Mtoto wa nyumbani angesemaje?"

"Angesema zimetikisika, ami. Zote."

"Naam."

Akaitoa mikono chini ya shali, akaiweka juu ya mwamba kwenye jua, mahali ambapo sote tungeiona. Ilikuwa inaruka kama vifaranga wawili.

"Mikono yangu ni migonjwa," akasema. "Haitapona. Nilikuwa nimeamua huu uwe msimu wangu wa mwisho, nilale nayo siri hiyo. Unaniuliza nataka kamera gani. Zile habari za taa na betri ni kweli, zichukue, zitawafaa wengine. Mimi hii ndiyo shida yangu."

"Kamera inaweza kutuliza mtikisiko, ami," Zuwaina akasema haraka, akifuta macho kwa kiganja. "Hii ya sasa inatuliza kidogo. Tunaweza kuiongezea nguvu, naapa tunaweza, nitalisimamia mwenyewe."

"Mtikisiko si kitu. Hebu nisikilize vizuri." Alikuwa anatafuta maneno, na nilimwona anavyoyatafuta, kama anavyotafuta njia kwenye mteremko. "Kidole changu kinabonyeza nikiwa sijataka. Nikitaka, kinagoma. Mnyama anageuza kichwa, jua linamwangukia, kila kitu ndani yangu kinasema sasa, na kidole kimekwenda zake. Kabla yake kimeshapiga picha ishirini za upuuzi. Nataka kamera inayojua kutofautisha. Inayojua lini ni ugonjwa na lini ni mimi."

Maji ya chemchemi yalisikika. Zuwaina alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu ngumu, anaifuta, anaanza upya.

"Sijui, ami," akasema mwisho. "Sitakudanganya tena. Sijui mashine ingejuaje."

"Mimi najua," nikasema.

Wakanigeukia wote wawili. Sikuwa nimepanga kusema. Lakini nimelala ubavuni mwa mtu huyu miaka na miaka, nimemsikia akilala, akiamka, akificha homa, akificha njaa miaka ile ya shida ili watoto wale. Mikono yake imekuwa ikinidanganya siku hizi kama inavyomdanganya yeye. Mtu mwenyewe hajawahi kunidanganya hata siku moja.

"Sogea," nikamwambia.

"Tuful, mtoto yupo hapa."

"Mtoto aangalie pango."

Nikaichukua kamera kwa Zuwaina, nikajikokota mpaka nikalala sambamba na Mahad, bega kwa bega, magoti yakinilaani. Nikakunja shali langu na kuliweka juu ya mwamba, lenzi juu ya shali, mkono wangu wa kushoto ukaikumbatia lenzi na kuikandamiza chini kwa uzito wangu wote, na uzito ninao. Mkono wa kulia nikauweka juu ya wake. Nikakiondoa kidole chake kwenye kitufe, nikaweka changu.

"Wewe tazama tu," nikamnong'oneza. "Usibonyeze kitu."

"Na wewe utajuaje?"

"Nyamaza."

Mkono wake ulikuwa unaruka chini ya wangu. Ulikuwa na joto. Sikujaribu kuuzuia. Nikafumba macho, kwa sababu macho yangenichanganya, nikabandika sikio karibu na shingo yake. Akawa anapumua. Ndani, nje, kwa ule mkwaruzo mdogo alionao puani. Ndege akalia mahali fulani. Akaendelea kupumua. Mkono ukaruka sana, mara mbili, tatu, kama unaonihimiza, sikuusikiliza. Nikasikia Zuwaina nyuma yangu anavuta hewa ghafla, nikajua mnyama ametoka. Bado Mahad alikuwa anapumua. Ndani, nje.

Halafu pumzi ikasimama.

Nikabonyeza.

Ikarudi, ikaenda, ikasimama tena. Nikabonyeza tena. Mara ya tatu ilisimama muda mrefu hadi nikaogopa, nikabonyeza, naye akaitoa pumzi yote kwa mkupuo na kuweka paji lake la uso juu ya mwamba.

Nilipofumbua macho pango lilikuwa tupu. Zuwaina aliichukua kamera kutoka mikononi mwetu kama anayepokea kitoto kichanga. Akatazama. Hakusema mashallah. Hakusema nzuri. Akatugeuzia kioo. Kulikuwa na picha mpya tatu tu. Kwenye ile ya mwisho mama amekaa juani, kafumba jicho moja, na mwanawe amesimama kwa miguu ya nyuma anang'ata kishungi cha sikio lake. Kila unywele ulionekana. Hivyo ndivyo nilivyomwona simbamangu wa pango letu kwa karibu mara ya kwanza, kwenye kioo, kama wageni wanavyomwona.

"Ulijuaje, halati?" Zuwaina akauliza.

"Anaacha kupumua," nikasema. "Akipenda kitu kweli, anaacha kupumua."

Zuwaina akafungua kinywa, nadhani alitaka kusema jambo la kihandisi, maana mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa kinasa sauti. Akaurudisha. Akainuka, akasema anashuka kujaza chupa za maji, ambazo zilikuwa zimejaa.

Mahad hakuondoa uso kwenye mwamba. Nilidhani amechoka, hadi nikaona mabega. Nikamwachia nafasi. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya wake, na wake ulikuwa unaendelea na vituko vyake, na sikuona haja ya kuuondoa.

"Zilikuwa tatu?" akauliza baadaye.

"Tatu."

"Ndizo nilizozitaka. Tatu hizo hizo." Akageuza shavu, akanitazama. Uso wake ulikuwa na mchanga. "Magoti yako yataweza kesho?"

"Hayawezi hata leo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tutoke mapema," nikamwambia, "tutembee polepole."